Mahali pa Nusifa

Bakhit Farajala hakuwa mtu wa maneno. Pale Namakwekwe, alipokaa akikunja mabati na kuyageuza sigiri, majiko ya mkaa, mteja aliuliza bei, akatajiwa, akanunua au akaenda zake. Hapakuwa na la tatu. Majirani zake wa Mbale walizoea kusema kwamba mkewe Nusifa ndiye aliyesema kwa ajili ya wote wawili. Nusifa alipofariki, nyundo ikabaki peke yake ikisema katika nyumba ile.

Yako maneno aliyoyapunguza, na liko moja aliloliacha kabisa. Neno lenyewe ni kaburi. Tangu siku ya mazishi, miaka miwili sasa, halijamtoka. Yeye husema mahali. "Naenda mahali pa mama yako," humwambia binti yake Nasiba, na Nasiba huelewa kwamba baba anakwenda Wanyange, kule karibu na Jinja, kwenye shamba aliloacha babu mzaa mama, alikolazwa mama. Kwenye neno mahali mtu anaweza kuwapo. Kwenye lile neno jingine hakuna mtu. Ndivyo Bakhit alivyoona, na hakumweleza yeyote.

Tena mahali pale palikuwa pake kabla hapajawa pa Nusifa. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya askari ilipoanguka, kila mwenye jina la Kinubi, kabila la askari wengi wa serikali ile, alisakwa, awe alishika bunduki au hakushika. Bakhit alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi bati. Askari wa kwao alikuwa babu, na babu alishakufa zamani. Baba yake Nusifa alimficha katika migomba yake siku kumi na saba. Nusifa ndiye aliyemletea chakula, akimfokea kwa sauti ili wapita njia wadhani anakemea mbuzi.

"We! Kula haraka, mnyama we! Umemaliza majani yote!"

Walilicheka jambo hilo mpaka uzeeni. Siku Nusifa alipougua ugonjwa usiorudi nyuma, alisema azikwe pale kwenye ile migomba. Bakhit akamzika pale, akajitengea nafasi ubavuni mwake. Mzee hakuwa na tamaa nyingine iliyobaki duniani. Walale pamoja, wasisumbuliwe.

Jumatatu moja Nasiba alikuja na barua. Nasiba ni mwalimu, anakaa Nkoma, na barua za baba yake hupitia shuleni kwake kwa kuwa baba hana sanduku la posta, wala akiipata barua hawezi kuisoma. Alishuka kwenye boda boda, akasimama kivulini mwa banda, akaisoma mara mbili kimoyomoyo. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye mhuri wa wizara.

"Baba, ulidai mahari?"

"Mahari gani?"

"Ya mama. Wanasema hapa, madai yako ya kurudishiwa mahari hayahusu ununuzi wa ardhi. Na mahakama ya nchi ilishakataza watu kurudishana mahari. Kwa hiyo yamefutwa."

Bakhit aliweka nyundo chini. "Mahari nilimpa mwenyewe mkononi. Mbele ya sheikh. Cherehani na mashuka. Nimdai nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Endelea."

"Mkaguzi wa serikali atafika Alhamisi kuangalia ardhi kwa mara ya mwisho. Na kuna fomu. Wamiliki, mmoja. Wakazi, hakuna." Nasiba aligeuza karatasi. "Makaburi, hakuna."

Lori lilipita barabarani. Vumbi likaingia bandani, likatua juu ya mabati, juu ya barua.

"Kule ulisema nini, baba? Siku uliyokwenda kuandikisha?"

"Nilisema ya kutosha."

"Yapi?"

"Ya kutosha, mwanangu."

Nasiba alimjua baba yake. Hakuuliza tena. Alisema ataomba ruhusa waende wote, na Bakhit akamwambia ana watoto darasani, akae nao. Siku ile hakuna sigiri nyingine iliyotoka katika banda lile.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi mmoja nyuma Bakhit alifika Wanyange akakuta vigingi vyenye vitambaa vyekundu kwenye shamba. Shemeji yake Siraj Kirunda, mdogo wa Nusifa, alikuwa ameliuza lote, ekari mbili na nusu, kwa shirika linalojenga nyumba za watu wa kipato kidogo. Zingejengwa nyumba arobaini. Hakuuliza mtu. Bakhit alipompigia simu, Siraj alisema, "Shemeji, asiyekuwapo na lake halipo," akakata.

Lakini serikali nayo ilikuwa imeweka jicho. Mashirika ya namna hiyo yalishanunua kwingine vinamasi, na viwanja vyenye hati mbili, na ardhi zenye watu ndani yake. Maskini waliopewa nyumba wakaja kutolewa vitu nje. Sasa, kabla tofali halijawekwa, wizara hutuma mkaguzi. Mkaguzi ana maswali matatu. Nani anamiliki? Nani anaishi? Nani amezikwa? Mwenye neno aliandikishe kwa katibu wa kijiji, na katibu aandike kama lilivyotoka kinywani, asibadilishe, asitafsiri. Tafsiri ni kazi ya mjini. Faili na ardhi vikikubaliana, mkaguzi anatia sahihi. Sahihi ikishatiwa, greda linashuka.

Bakhit alikuwa amekwenda kuandikisha neno lake. Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye bati jekundu. Katibu aliitwa Topista, mama mnene mwenye sauti ya upole, Msoga, aliyekijua Kiswahili kwa kujikaza. Wanyange hawakipendi sana Kiswahili. Wazee wa kule wakikisikia wanakumbuka mlango ukigongwa kwa kitako cha bunduki. Lakini Kisoga cha Bakhit, miaka yote ile, kilikuwa cha kuombea maji tu, na maneno yanayomhusu Nusifa hakutaka kuyasema kwa lugha ya kuombea maji.

"Karibu, mzee," Topista alisema. "Kaa mahari hapa, hiyo benchi ingine mbovu."

Bakhit alikaa.

"Sema neno lako. Mimi naandika vile unasema."

"Hapo ni mahali pa Nusifa," Bakhit alisema.

Topista aliandika polepole, ulimi ukitokeza kidogo. Akangoja.

"Na mahali pangu pia, nikifa."

"Ehe?"

"Basi."

"Hiyo tu, mzee?"

"Hiyo tu."

Akatia kidole gumba penye mstari. Alirudi Mbale moyo ukiwa umetulia. Serikali imeandika. Usiku ule alilala.

Alhamisi aliondoka Mbale alfajiri. Aliposhuka njia panda ya Wanyange jua lilikuwa limeshapanda, na waendesha boda boda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao kama kawaida yao, wakichambua kila anayeshuka.

"Mzee wangu, twende wapi?"

"Kwenye vigingi."

Kijana alimtazama kofia, akamtazama uso, kisha akageukia wenzake. "Eh! Ndiye huyu! Mzee wa mahari!"

"Haa! Mzee, mke amekufa, wewe unataka mbuzi zako zirudi? Hizo zishazeeka, meno hazina!"

"Mwacheni bwana, labda anataka kuoa ingine."

"Kwa umri huu? Atamwoa nesi!"

Bakhit alipanda. "Twende," alisema.

Hakuwa ameambia mtu yeyote Wanyange habari ya mahari. Habari ilikuwa imemtangulia. Kitu kikitoka katika faili la serikali kikafika kwenye maegesho ya boda boda kabla mwenyewe hajafika, ujue mlango wa faili hilo uko wazi kwa wengi.

Njiani aliwasalimia watu aliowajua. Waliitikia wakitazama chini, au wakitazama ziwa. Mwanamke aliyemkamulia Nusifa ndimu alipoletwa huku siku zake za mwisho aliingia ndani kana kwamba ameitwa. Bakhit hakuelewa mpaka alipofika kwenye ofisi ya kijiji na kuona karatasi ndefu imebandikwa ukutani, na watu wameisogelea wakionyeshana kwa vidole. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua. Mistari ilikuwa arobaini. Arobaini ni idadi ya nyumba. Waliokuwa wakionyesha majina yao pale ndio waliobeba jeneza.

Sheikh aliyemsalia Nusifa alishafariki. Mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa, amesafiri.

Shambani hapakuwa na mgomba hata mmoja.

Alisimama pembeni kwanza. Ardhi ilikuwa imeparuzwa yote, nyekundu, laini, tambarare kama ngozi iliyowambwa. Greda lenyewe lilikuwa limesimama upande wa juu, dereva ndani, injini ikinguruma polepole. Mawe mawili, la kichwani na la miguuni, hayakuwapo. Bakhit alikwenda kwenye mfuniko wa kisima cha zamani, ambao ndio peke yake ulioachwa, akaupa mgongo, akahesabu hatua thelathini na moja kuelekea ziwani. Akasimama. Alijua amefika kwa sababu miguu ilijua. Kisu cha greda kilikuwa kimepita juu yake kikachukua udongo wa kiasi cha shibiri moja, si zaidi. Alisogea akasimama kando, ubavuni, penye nafasi yake.

Wakili wa shirika alikuwepo. Jina lake Herbert, kijana wa Kampala, shati jeupe, viatu vyenye ncha. Alikuwa akienda na kurudi akisema na simu, na mara mbili alipita palepale, moja kwa moja, kwenda na kurudi, viatu vikiacha alama. Kila alipopita Bakhit alifumba macho.

Siraj naye alikuwepo, karibu na greda, amevaa kofia ya shirika. Hakuja kusalimia.

Saa nne gari la wizara liliingia. Alishuka mwanamke mwembamba mwenye miwani, faili chini ya kwapa. Aliitwa Lillian. Watu wengine walimwita madamu, wengine kwa uoga walimwita afande, naye aliitikia yote mawili.

Topista alimkimbilia dereva wa gari akipunga mkono. "Dereva, gari weka mahari hapa! Mahari hapa kuna kivuri!"

Bakhit alisikia. Mara ya kwanza neno lilipita, kama lilivyopita siku ile ya benchi. Mara ya pili halikupita.

Alitembea mpaka alipokuwa Topista. Watu walinyamaza kumtazama, wengine wakitabasamu, wakijua anakuja kudai mbuzi.

"Dada," alisema. "Gari iwekwe wapi?"

"Mahari hapa, mzee. Kwa nini?"

"Na msichana akiolewa, anapewa nini?"

"Anapewa mahari." Topista alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Lillian alikuwa ameshawapita hatua chache. Alirudi. Alifungua faili, akatafuta karatasi yenye kidole gumba, akaisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayepita juu ya daraja la miti. "Hapo ni mahari pa Nusifa. Na mahari pangu pia, nikifa." Akainua uso. "Nani aliandika hii?"

"Ni mimi niriandika," Topista alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Madamu, mimi zamani nirikuwa nasema *kalibu*. Askari kwa kizuizi akanishusha kwa basi, akanifanya niseme *karibu* mara kumi, abiria wote wanacheka. Toka siku hiyo nikipata shaka naweka r. Nirijua ndiyo sawa. Nirijua ndiyo Kiswahili kizuri."

"Na aliyetafsiri?"

Herbert alikuwa amekaribia. "Ofisi yangu. Tulitumia kamusi, madamu. Mahari ni mahari. Sisi tutajua vipi?"

"Mtu anasema ana mahari yake mwenyewe akifa, na hamkuuliza?"

"Tulidhani ni uzee."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza.

Lillian alimgeukia Bakhit. "Mzee. Ulitaka kusema mahali."

"Ndiyo."

"Mahali pa nini? Nisaidie. Fomu yangu haina neno mahali."

Bakhit alitazama udongo. Injini ya greda ilikuwa ikinguruma. Aliona kwamba asipolisema yeye sasa hivi, hakuna mwingine wa kulisema, na wale arobaini watalala juu yake miaka na miaka, wakipika, wakimwaga maji machafu. Alilisema. Lilimtoka kama msumari unaong'olewa kwenye ubao wa zamani, kwa kelele na kwa kukwangua.

"Kaburi," alisema. "Kaburi la mke wangu."

Hakuna aliyecheka.

"Liko wapi?"

Aliwapeleka. Akasimama tena ubavuni, akaonyesha kwa kiganja kilichofunguliwa, si kwa kidole. Lillian alitazama chini, akaona udongo mwekundu, alama za viatu vya Herbert, basi.

"Nani aliruhusu greda lipite kabla sijatia sahihi?" aliuliza.

"Tulisafisha nyasi tu," Herbert alisema. "Lakini madamu, kweli, hii ni ardhi tupu. Mtu yeyote anaweza kusimama penye ardhi tupu akasema hapa kuna mama yangu, hapa kuna bibi yangu. Kama lipo, tuchimbe futi mbili tatu tuone. Greda ile pale."

"Hapachimbwi," Bakhit alisema.

"Sasa ushahidi uko wapi, mzee?"

Lillian aliwageukia watu. Walikuwa wengi, labda hamsini. "Nani alikuwepo siku ya mazishi ya huyu mama?" Aliuliza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiganda, asiwepo wa kusema hakusikia.

Upepo ulitoka ziwani. Mwanamke mmoja alifunga upya kanga yake. Mzee mmoja alianza kutafuta kitu mifukoni. Bakhit aliwatazama mmoja mmoja, na hakumchukia yeyote. Nyumba ya matofali, yenye bomba la maji ndani. Na yeye, kama angepewa, angetazama mifuko yake.

"Mimi nirihamia hapa mwaka jana," Topista alisema, kama anayeomba msamaha.

"Waliingia watu wawili humu kumpokea," Bakhit alisema. "Wengine waliinua shuka juu yetu, kama desturi ya kumzika mwanamke. Hawakuona ndani. Wawili walioingia, mmoja mimi." Alinyanyua kidevu kuelekea greda. "Wa pili yule."

Siraj aliitwa. Alikuja hatua chache, akasimama mbali, upande wa pili wa pale palipokuwa pakizungumzwa.

"Bwana Siraj, wewe ndiye muuzaji. Dada yako amezikwa hapa?"

"Dada yangu alizikwa Mbale," Siraj alisema. "Kwa mume wake. Ndiyo desturi yetu. Mke anafuata mume."

Alisema wazi, bila kutetemeka. Kulikuwa na kijana katika umati ule aliyevuta pumzi kwa meno.

Lillian alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mzee, una neno lako, naye ana neno lake. Mimi sina mizani ya kupimia maneno. Ninakagua faili, kisha nakagua ardhi. Faili limekosea, nimeona, na nitaandika kwamba limekosea. Lakini ardhi haisemi kitu. Nikikosa kitu cha kuandika, nitatia sahihi. Sipendi, lakini nitatia."

Dereva wa greda alisikia neno sahihi, akakaa vizuri kitini.

Bakhit hakubishana. Hakumwita Siraj mwongo, wala hakumtaka aape. Alimjua Siraj tangu akiwa mtoto wa kushika mkia wa mbuzi. Alijua kwamba ulimi wake umeuzwa pamoja na shamba. Lakini miguu ya mtu haiendi sokoni.

"Siraj," alisema. "Tangu nifike hatujasalimiana."

Siraj alitazama greda.

"Mimi mkubwa wako. Tumezikana sisi. Njoo unipe mkono, shemeji, mbele ya watu. Hayo mengine wataandika wao."

Jambo hilo Siraj hakuweza kulikataa. Mtu anaweza kuuza ardhi ya ukoo na watu wakasema maisha ni magumu. Kumnyima mzee salamu hadharani ni kitu kingine. Aliweka uso wa heshima, akavua ile kofia ya shirika, akaanza kuja. Kutoka aliposimama mpaka aliposimama Bakhit ni hatua kumi na mbili, moja kwa moja.

Alikwenda hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Macho yake yalikuwa juu ya Bakhit. Alipofika ya sita, miguu yake ikapinda kushoto. Ilipinda yenyewe, bila haraka, kama mtu anavyozunguka mkeka ambao mgonjwa amelalia. Ikapita pembeni, ikarudi kulia, ikafika. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," Bakhit alisema, akaushika mkono ule, akaendelea kuushika.

Lillian alikuwa akitazama chini. Watu wote walikuwa wakitazama chini. Katika udongo ule laini viatu vya Herbert vilikuwa vimechora mistari miwili iliyonyooka. Na kando yake miguu ya Siraj ilikuwa imechora upinde, na ndani ya upinde kulikuwa na nafasi yenye urefu wa mtu.

"Bwana Siraj," Lillian alisema. "Mbona umezunguka?"

"Nimezunguka wapi?"

"Hapa."

Siraj aligeuka akaziona nyayo zake. Alizitazama muda mrefu. Bakhit aliusikia mkono ule ukilowa jasho ndani ya mkono wake.

"Kulikuwa na matope," Herbert alisema.

"Hakuna matope," Lillian alimjibu bila kumtazama, akaandika.

Aliandika kwa muda. Alifuta *hakuna*, akaandika *moja*, akatia tarehe, akamwita Topista aandike upya neno la mzee, na safari hii Topista alilisoma herufi kwa herufi kabla mzee hajatia kidole. Herbert alitembea mbali akisema na simu, sauti chini, mgongo umewageukia. Dereva wa greda alizima injini.

Kijana wa wizara alishuka garini na vigingi vinne. "Kichwa upande gani, mzee?" aliuliza. Bakhit alimwonyesha. "Na miguu?" Alimwonyesha. Vigingi vikapigwa, kimoja, kingine. Kila pigo Bakhit alilipokea begani. Vitambaa vyekundu vikafungwa. Namba ikapakwa rangi.

"Sasa?" alimwuliza Lillian.

"Sasa faili linarudi wizarani. Ujenzi unasimama mpaka lijibiwe."

"Linajibiwa nini?"

"Kuna njia mbili. Shirika linaweza kuacha kipande hiki, na njia ya kupita. Au linaweza kuomba kibali cha kuhamisha." Alitazama vigingi. "Kuhamisha masalia."

"Nani anachagua?"

"Shirika linapendekeza. Wizara inajibu."

"Na mimi?"

"Wewe utaarifiwa, mzee."

"Kwa barua?"

Lillian aliinamisha faili. "Kwa barua," alisema. "Pole sana, mzee." Na alionekana kumaanisha. Akaingia garini.

Watu walitawanyika upesi, kama wanaokimbia mvua. Karatasi ya majina pale ukutani ilikuwa bado na majina arobaini, na hakuna aliyejua kama asubuhi yatakuwa arobaini. Waliopita karibu na Bakhit sasa walimtazama. Haikuwa heri. Mwanamke yule wa ndimu alisema kwa Kisoga, maneno ambayo hata Kisoga chake cha maji kilitosha kuyaelewa: wafu wana nyumba tayari.

Siraj alibaki nyuma. Alisimama nje ya vigingi, kofia mkononi, na kwa muda alionekana kama yule mtoto wa kushika mkia wa mbuzi.

"Umeshinda, shemeji," alisema.

Bakhit alitazama vitambaa vyekundu.

"Nilitaka apotee. Unanielewa? Nilichukua mawe kwa mkono wangu, usiku, nikasema apotee, wajenge juu, asijulikane. Msingi wa nyumba futi tatu. Sisi tulichimba sita. Hakuna ambaye angemgusa mpaka Kiama." Alivaa kofia. "Sasa amepewa namba. Sasa wanajua pa kuchimba."

Akaenda zake.

Bakhit alikaa chini, si ndani ya vigingi, kando yake. Udongo ulikuwa na joto. Kule juu Herbert alikuwa amemaliza kusema na simu, na sasa alikuwa amesimama na dereva wa greda, wakitazama upande huu, mmoja akipima kitu hewani kwa mikono miwili, urefu, kisha kina.

Akatoa simu yake ndogo, akabonyeza namba ya Nasiba, aliyofundishwa kuibonyeza.

"Baba? Imekuwaje?"

"Niletee godoro," Bakhit alisema. "Na blanketi. Ziwa lina baridi."

"Godoro? Uko wapi? Utalala kwa nani?"

"Hapa."

"Hapa wapi, baba? Mpaka lini?"

Kule juu dereva alipanda tena kwenye greda. Huenda alifuata tu chakula chake.

"Hawakusema," Bakhit alimjibu. "Lete leo."